Baba Mkubwa Hakurogwa

Moraa mwanangu,

Mambo ya blanketi, sanduku na nauli mama yako amekwisha kukuambia, na shangazi zako watayarudia kesho asubuhi mpaka uyachoke. Mimi sitayagusa. Nimekuja hapa shuleni nikajifungia darasa la nne, maana leo ni Jumapili, hakuna mtu, na nyumbani wageni wamejaa kukuaga. Mvua imeshika tangu saa sita. Hii mvua ya El Nino imeila barabara ya Keroka hivi kwamba sina hakika hata kama gari lenu litapita. Naandika kana kwamba litapita.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Ekegusii ndicho tunachozungumza mimi na wewe, na jambo hili nimejaribu kulizungumza mara tatu mwezi huu, nikashindwa. Juzi, ulipokuwa unakunja nguo zako, ulimwambia mama yako kwamba unashukuru unaenda mbali na watu waliomroga baba mkubwa wako. Ulisema bila hasira, kama mtu anayesema chai imeiva. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulinitazama, ukidhani nitaitikia, nami nikageuka nikaenda kuangalia ng'ombe.

Baba mkubwa Ombati hakurogwa. Alikuwa na presha. Mimi nilijua kwamba huenda anayo, nilijua miaka saba kabla hajaanguka, na sikumwambia.

Nimeliandika hilo mapema ili nisipate nafasi ya kulikwepa. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Baba yetu alikufa kwa kifua mimi nikiwa darasa la pili na Ombati la tano. Mama yetu, yule unayebeba jina lake, hakuwa na uwezo wa kutusomesha wote wawili. Hakuna kikao kilichofanyika. Jumatatu moja Ombati alinikabidhi kaptula yake ya shule, ambayo ilinifika chini ya magoti, akasema, "Wewe kalamu inakupenda." Siku hiyohiyo alifuatana na wanaume waliokuwa wanaenda Kericho kuchuma chai katika mashamba ya wazungu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu hivi. Karo yangu yote mpaka nikamaliza chuo cha ualimu ilitoka mikononi mwake. Hilo unalijua, nimelisimulia kila Krismasi mpaka mkalizoea.

Ambalo sikulisimulia ni jinsi maisha yetu yalivyotengana baada ya hapo. Aliporudi Kericho alipanda chai yake hapa, kwenye shamba la baba. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anachuma kwenye umande na mvua ya mawe, anabeba kapu mgongoni mpaka kituo cha kupimia majani, anasubiri lori ambalo siku nyingine halikuja. Mboga zikikosekana alikula obokima, ugali wetu, na maji ya chumvi. Alivuta tumbaku ya kusokota ili ashibe. Mimi wakati huo nilikuwa nakaa kitini, nakula chakula cha mchana, na kila mwezi nilikuwa na mshahara na posho ya matibabu. Majani yake yalipimwa kila siku kwa zaidi ya miaka thelathini, yakaandikwa kwenye karatasi. Yeye mwenyewe hakupimwa hata siku moja.

Mama yetu alikufa mwaka mmoja kabla hujazaliwa. Alianguka katikati ya mahindi akiwa na jembe mkononi. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukapinda, maneno yakawa hayatoki. Alilala miezi miwili. Hata wakati ule palikuwa na jina la mtu lililonong'onwa, ila halikufika mbali.

Ukiwa darasa la pili, mimi nilitokwa na damu puani hapa shuleni, katika darasa lililo ukuta mmoja na hili ninaloandikia. Nilikuwa nasahihisha madaftari na damu ikaanza kudondoka juu ya hesabu za watoto. Mwalimu mkuu akanilazimisha kwenda Kisii mjini. Daktari aliyenipokea alikuwa mzee mpole mwenye miwani mizito. Alinifunga kitambaa mkononi, akapuliza, akasikiliza. Akapuliza tena. Akaniuliza wazazi wangu wako wapi, nikamwambia. Akauliza mama alikufaje, nikamweleza.

"Una ndugu?"

"Mmoja. Mkubwa wangu."

"Mlete. Au mwambie aende popote penye mashine akapimwe. Hii ni presha, mwalimu, na mara nyingi hutembea ndani ya familia. Haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi inamla mishipa ya moyo na ya kichwa, naye anajiona mzima. Wengine huanguka kama mama yako. Wengine hupoteza akili kidogo kidogo, watu wanadhani ni uzee au ulevi. Wewe una bahati, pua imekuambia."

Akanipa vidonge. Vidonge hivyo nimevimeza kila asubuhi mpaka leo. Wewe umeniona nikimeza na ulipouliza nilikuambia ni vya tumbo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Ombati na nia ya kumwambia. Nakumbuka nilivaa koti, na pakiti ya vidonge ilikuwa mfukoni ili nimwonyeshe. Nilimkuta anapasua kuni. Alinikaribisha, mama mkubwa Kerubo akaleta chai, na kabla sijafungua mdomo Ombati akaanza kunisimulia habari ya chifu wa upande wa pili aliyezimia barazani mbele ya watu.

"Wanasema ni presha," akasema, na akacheka. "Ugonjwa wa watu wa viti huo. Mimi presha itanipatia wapi? Huku kwenye chai?"

Nikacheka naye. Hapo ndipo nilipokosea, Moraa, na ilikuwa rahisi sana. Nilicheka, nikamaliza chai, nikarudi nyumbani na pakiti yangu mfukoni.

Nimejitetea kwa mengi tangu siku ile. Nilijiambia nitamwambia wiki ijayo. Nilijiambia kwamba yeye ana nguvu kunizidi, maana nilimwona akinyanyua magunia ambayo mimi nisingeyasogeza. Nilikuwa pia naogopa. Walikuwa wanatafuta naibu wa mwalimu mkuu, na sikutaka isemwe kwamba mwalimu fulani ni mgonjwa. Lakini chini ya hayo yote palikuwa na jambo jingine. Zahanati ya karibu mashine yake ilikuwa imeharibika siku nyingi. Kumpima Ombati kulimaanisha Kisii mjini, na siku nzima ya kuchuma kupotea, na akipatikana nayo, vidonge kila mwezi mpaka kufa kwake. Angevitoa wapi? Ingekuwa mimi. Nilipiga hesabu hiyo nikiwa kitandani mwangu, mimi niliyevaa kaptula yake, nikaona ni afadhali asijue. Siandiki hivi ili ujione umesomeshwa kwa maisha yake. Hukuwepo kwenye hesabu ile, wala hukuulizwa. Nilikuwepo mimi.

Basi miaka ikapita. Mwanzo wa ugonjwa wake sikuuona, au niliuona nikaupa jina jingine. Alianza kusahau siku za kupeleka majani. Alimtuma Kerubo dukani mara mbili kwa kitu kimoja. Jioni moja tulikutana njiani, jua likiwa linazama nyuma ya kilima, akanipa mkono akasema, "Bwakire," salamu ya asubuhi. Nilimnusa mdomo nikitafuta harufu ya pombe. Hakuwa amekunywa. Nikaenda zangu.

Ulikuwa kidato cha kwanza alipoingia kwenye chai ya Nyaboke.

Unamkumbuka Nyaboke. Labda unamkumbuka kwa yale uliyoambiwa baadaye, kwa hiyo nikukumbushe ya kabla. Alikuwa mjane, shamba lake lilipakana na la Ombati, na kati yao palikuwa na mfereji tu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unapita kwake kutoka shule na kurudi na mapera mfukoni. Mama yetu alipolala ile miezi miwili, ni Nyaboke aliyekuwa anakuja kumgeuza kitandani, kwa sababu Kerubo alikuwa mjamzito na mama yako nilikuwa bado sijamuoa.

Asubuhi hiyo Nyaboke alimkuta Ombati katikati ya miche yake, kapu limejaa nusu.

"Ombati, hiyo si yako."

"Ni yangu. Niliipanda mimi."

"Uliyopanda wewe iko ng'ambo ya mfereji. Umevuka."

Ombati akakasirika. Mtu aliyeishi naye miaka yote hiyo kwa amani akamwinulia fimbo. Wachumaji wengine wakaja mbio, na mbele yao Nyaboke akasema, "Haya, endelea. Mungu atakuonyesha." Neno ambalo kila mtu hapa husema akionewa. Siku ya nne Ombati akaanguka kwenye kituo cha majani. Mdomo ulipinda kama wa mama. Alipoamka hakujua jina la Kerubo.

Walimleta nyumbani, si hospitalini, na ukoo ukakutana uani kwake siku iliyofuata. Aliyezungumza sana ni Makori, mtoto wa ami yangu, ambaye ni mtu wa maneno na ambaye shamba lake pia linapakana na la Nyaboke upande wa chini. Alisema palikuwa na ugomvi, alisema neno alilotamka yule mama, alihesabu siku nne. Vijana walikuwa wamesimama nyuma, wakiwemo wana wawili wakubwa wa Ombati. Kisha Makori akanigeukia.

"Mwalimu, wewe umesoma. Tuambie. Kuna ugonjwa gani unaomfanya mtu aende kuchuma chai ya jirani yake na kuapa ni yake?"

Wote wakanitazama wakisubiri. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelibeba kwa miaka saba, kwa maneno yaleyale ya daktari. Lakini kulisema kungekuwa kusema pia nililijua lini, mbele ya Kerubo aliyekuwa ameketi chini na kichwa cha mumewe mapajani.

Nikasema, "Mimi si daktari."

Makori akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichotaka. Mkutano ukavunjika. Mchana huohuo nyumba ya Nyaboke ikachomwa. Mtu mmoja mwenye huruma aliwatangulia vijana akamwonya, naye akatoka kwa mlango wa nyuma na kikoi alichojifunga na kuku mmoja. Wewe ulikuwa shuleni, ukaona moshi, ukaja mbio ukidhani ni kwetu. Ukaniuliza, "Baba, ni kweli alimroga?" Nikakuambia nenda ukasome.

Ulinitii. Ulisoma, ukapasi, na jibu la swali lako ukajitafutia kwa watu wengine.

Wiki ya pili hali ya Ombati ilizidi na tukampeleka Kisii. Daktari huyu alikuwa kijana. Alipopima presha aliita mwenzake aje atazame. Akatueleza kwamba ugonjwa si wa juzi, kwamba kabla ya anguko lile kubwa palikuwa na mengine madogo ambayo hakuna aliyeyaona, na kila moja liliondoka na kipande cha akili yake. Moyo nao umetanuka kwa kusukuma kwa shida miaka mingi. Kisha akauliza, "Katika familia hakuna mwingine mwenye presha?"

"Hakuna," Kerubo akasema.

Sijui kwa nini nilishindwa kunyamaza safari hiyo. Labda kwa sababu Makori hakuwepo. Nikasema, "Mimi ninayo."

Kerubo akanigeukia. "Tangu lini?"

"Tangu Moraa alipokuwa darasa la pili."

Hakulia wala kupaza sauti. Alitoka nje akakaa kwenye benchi, nami nikamfuata nikasimama pembeni kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Akasema, "Ulikuwa unakuja kwangu kila Jumamosi. Unakunywa chai yangu. Hata kunidokezea mimi peke yangu, mwalimu."

Nikamwambia nitakwenda kuwaeleza ukoo, kwamba Nyaboke hana kosa. Ndipo akanishika mkono wa koti.

"Usiende. Ukiwaambia, wanangu watajua walichoma nyumba ya mtu bure. Mmoja ana miaka kumi na tisa. Ataishi nalo vipi hilo? Mume nimeshampoteza. Waache wanangu."

Nikakubali, na nikajiambia ninakubali kwa ajili yake. Ukweli ni kwamba nilipumua.

Miaka minne iliyofuata uliiona mwenyewe, ila uliiona kwa macho ya mtoto aliyeambiwa ni uchawi. Vidonge alipewa, na presha ikashuka, lakini kilichoondoka hakikurudi. Unakumbuka ulivyokuwa unakaa naye jioni ukimfundisha majina yetu, na akikosea unacheka naye. Sijui kama uliwahi kuona kamba. Kerubo alikuwa analazimika kuchuma, hapakuwa na mtu mwingine wa kulisha nyumba ile, na Ombati akiachwa peke yake alikuwa anapotea. Basi alimfunga mguu kwenye nguzo ya kitanda kwa kamba ya ng'ombe, akaizungushia kitambaa isimchubue. Siku niliyoiona nilimkaripia Kerubo. Aliniangalia akasema, "Basi kaa naye wewe." Kengele ya shule ilikuwa karibu kulia. Nikaenda shuleni.

Mara nyingine aliifungua kamba. Alichukua kapu lake, akalijaza majani ya migomba na nyasi, akaenda kituoni. Karani wa pale ni kijana wa watu wa ziwani, si wa kwetu. Alikuwa anampokea, anatundika kapu kwenye mizani, anaandika karatasi na kumkabidhi kwa mikono miwili, kisha anatuma mtu amwite Kerubo. Sikumfundisha kijana yule chochote, na hakujua lolote juu ya mishipa ya kichwa. Huwa namfikiria sana.

Mimi Ombati alinisahau kabla ya wengine. Nikiingia kwake alikuwa anasimama. Kwa shida, kwa mkono mmoja, anajiinua, ananipisha kiti, anasema, "Karibu, mwalimu," kwa ile heshima ambayo watu wazima wa hapa huwapa walimu wageni. Kaka yangu mkubwa. Nilimwambia kila mara, "Kaa, ni mimi mdogo wako," naye alitabasamu kwa adabu na kubaki amesimama mpaka niketi. Nikaanza kwenda mara moja kwa mwezi. Kisha nikawa nasimama nje, nazungumza na Kerubo dirishani.

Mwishoni ilikuwa moyo. Miguu ilivimba ikang'aa, akawa hawezi kulala chali, analala ameketi. Alikufa mwaka jana, asubuhi, ameegemea ukuta. Katika mazishi nilisoma historia yake. Nilisema alijinyima ili mimi nisome. Watu walilia. Makori alisema mbele ya kaburi kwamba ukoo hautamsahau aliyefanya haya, na hakuna aliyeuliza ni nani. Ulikuwa umesimama kando yangu, ukanishika mkono.

Mwezi uliopita nilikwenda Nyamarambe. Nilikuambieni naenda kuona mtu wa mambo ya pensheni. Nyaboke anaishi huko kwa binti yake, katika chumba cha nyuma ya duka la mahindi, na siku za soko huuza ndizi. Nilimkuta ameketi kwenye gunia, amekuwa mdogo sana. Alinitambua.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

Nikamweleza yote. Nilianza na daktari mwenye miwani nikamaliza na "mimi si daktari." Alisikiliza akipanga ndizi zake. Nilipomaliza nilimwambia sikuwahi kusema yeye ni mchawi.

"Hukusema," akajibu. "Hapana. Wewe hukusema."

Akahudumia mteja. Kisha akaniuliza kama Ombati aliteseka, na nikamwambia aliteseka. Akaniuliza chai yake yeye mwenyewe ni nani anayeichuma. Nikamwambia ni Makori. Akatikisa kichwa polepole.

"Mambo haya umeniambia mimi," akasema. "Mimi nilikuwa nayajua. Nilijua sikumroga mtu. Utayasema mbele yao?"

Nikasema nitayasema. Akapanga ndizi upya, kisha akainua uso.

"Umekuja peke yako?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Binti yake, aliyekuwa mlangoni, alinifuata nilipoondoka. Akaniambia siku hizi ni hivyo. Anauliza jambo mara mbili, mara tatu. Wiki iliyopita alianza safari ya kurudi nyumbani kwake, ile nyumba iliyochomwa, akapatikana njiani. Kichwa kinamuuma tangu mwaka juzi. Nikamuuliza kama amewahi kupimwa presha. Akanitazama kama nimeuliza kama mama yake amewahi kupanda ndege.

Tumempima. Nilimpeleka Kisii mwenyewe juma lililofuata, na sitakuandikia namba, ila daktari hakunificha wasiwasi wake. Yuko kwenye vidonge sasa na mimi ndiye ninayevinunua. Usinisifu kwa hilo. Kwa Ombati nilichelewa na kwake pia nimechelewa.

Haya ndiyo niliyoyapata, kwa gharama ya watu wengine. Niliamini kwamba mtu aliyesoma ana kitu cha kuwapa wenzake hata akikaa kimya, kwa kuwepo kwake tu. Si kweli. Nilichokijua mimi hakikumfaa mtu yeyote isipokuwa mimi. Wewe unaenda Nairobi kusomea kupima ardhi, na watu watakuja kwako wakitaka useme mpaka uko wapi. Wengine watataka unyamaze. Utakapokuwa umesimama pale, na wote wamekutazama, sina neno la kukupa la kukusaidia. Nakuambia tu kwamba ile nafasi ni fupi. Kwangu ilikuwa kama muda wa kuvuta pumzi mbili.

Na upimwe, Moraa. Huko kuna mahali pengi. Una miaka ishirini na damu yako ni ya mama yangu, ya Ombati na yangu. Wana wa Ombati nao nitawaambia wapimwe, kama watakubali kunisikiliza baada ya Jumamosi.

Jumamosi hii ukoo unakutana kwa Kerubo kugawa shamba la Ombati. Makori anataka mpaka wake usogezwe umeze chai ya Nyaboke, kwa kuwa, anasema, mwenyewe alikimbia. Nitasimama niseme. Nitasema ya presha yangu, ya ile Jumamosi ya vidonge mfukoni, na ya jibu langu siku ya mkutano. Nyaboke atakuwepo. Alitaka mwenyewe awepo.

Kerubo nilimwambia jana. Alikuwa anapepeta maharagwe. Nilimwambia wanawe watakuwa wanasikia. Alimaliza kwanza ungo mzima. Kisha akasema, "Sema. Lakini ukishasema, usipite tena hapa kwangu." Nimemwambia ni haki yake.

Habari zitakufikia. Utaandikiwa kwamba baba yako amewageuka watu wake, au kwamba uzee umemwingia, au kwamba amelipwa na yule mama. Nilitaka jambo hili ulisikie kwangu kwanza, na uwe mbali ukilisikia, usilazimike kuchagua pa kukaa uani pale. Kama utanikasirikia, nikasirikie. Kama utakaa muda bila kuniandikia, nitaelewa, na mama yako nitamwambia ni posta. Usirudi kuja kunitetea. Soma.

Barua hii nitaiweka chini ya nguo kwenye sanduku lako, uikute ukifika. Mvua imepungua kidogo, nasikia wanawake wakiimba kule nyumbani, na watakuwa wananitafuta.

Nyaboke nitamfuata Ijumaa, alale kwa dada ya mama yako. Binti yake anasema asubuhi ndiyo saa anayokumbuka vizuri, nami nataka awe ameshaketi pale kabla hawajaanza.

Mimi baba yako.